Mita ya Yaka na hodi ya umeme: Jinsi prosesa ndogo inavyokatizwa kazi bila kupoteza hesabu

Umeme unapokatika ghafla katika mtaa wa Kampala, taa huzimika mara moja, lakini mita ya kulipia kabla huwa bado haijamaliza kazi yake. Katika sehemu chache za elfu za sekunde zinazofuata, kifaa hicho kilichofungwa ukutani au juu ya nguzo hutakiwa kuandika, katika kumbukumbu isiyofutika, idadi ya uniti ambazo mwenye nyumba amekwisha kuzilipia. Kikiwahi, umeme ukirudi hesabu huendelea pale ilipoishia. Kikichelewa, fedha ya mtu hupotea, na hakuna risiti inayoweza kuonyesha ilikokwenda.

Kinachokiwezesha kifaa hicho kuwahi ni utaratibu unaoitwa katizo la maunzi. Hii ni ishara ya umeme inayotoka katika sehemu fulani ya kifaa, ikaifanya prosesa isimamishe kazi iliyokuwa ikiifanya, ishughulikie jambo la dharura, kisha irejee palepale ilipoachia. Utaratibu huo ni mkongwe kuliko intaneti, na umo ndani ya simu, magari, mashine za hospitali na mitambo ya kutolea fedha. Makala haya yanaeleza jinsi unavyofanya kazi, namna kiini cha mfumo endeshi kinavyousimamia, na kwa nini kosa dogo ndani yake huwa gumu kuthibitishwa na mteja, na hata na fundi.

Kompyuta iliyofichwa ndani ya kisanduku

Mita za Yaka zilianza kutumika Uganda mwaka 2011, chini ya kampuni ya Umeme ambayo ilikuwa ikisambaza umeme nchini humo tangu mwaka 2005. Mkataba wa kampuni hiyo ulimalizika tarehe 31 Machi 2025, na usambazaji ukachukuliwa na shirika la serikali, UEDCL. Jina la mita ni la Kiganda, na msikilizaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani ili kulielewa: "yaka" ni sawa na kusema "waka".

Kwa mteja, mita ni kisanduku chenye vitufe na kioo. Hununua tokeni yenye tarakimu 20, akaibonyeza, na uniti zikaongezeka. Kwa mhandisi, kisanduku hicho ni kompyuta kamili, ila ni ndogo sana. Prosesa ya aina hii hupachikwa ndani ya kifaa na kufanya kazi hiyo moja maisha yake yote. Kumbukumbu yake mara nyingi huhesabiwa kwa kilobaiti, wakati ile ya simu ya kawaida huhesabiwa kwa gigabaiti. Haina feni, haina kitufe cha kuiwasha upya, na hutarajiwa kufanya kazi kwa miaka mingi bila mtu kuigusa.

Pamoja na udogo huo, kazi zake ni nyingi na hazingojani. Ni lazima ipime umeme unaopita, ipunguze uniti, isome vitufe, ionyeshe namba kwenye kioo, ihesabu wakati, na iwe tayari kukata umeme uniti zinapokwisha. Prosesa ni moja, na kwa kila nukta ya wakati hufanya jambo moja tu. Swali la msingi ni hili: itajuaje kwamba jambo jipya limetokea wakati imeshughulika na jingine?

Kuchungulia mlangoni au kusubiri hodi

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya kuchungulia. Mtu anayemtarajia mgeni anaweza kuacha mapishi kila dakika akaenda mlangoni kutazama kama amefika. Chakula kitaungua, na bado mgeni anaweza kufika mara tu baada ya mwenyeji kurudi jikoni. Njia ya pili ni ile ambayo watu wa Afrika Mashariki wameizoea kwa karne nyingi: mwenyeji huendelea na shughuli zake, na mgeni akifika hupiga hodi. Katizo ni hodi hiyo.

Hesabu ndogo inaonyesha tofauti. Tuseme prosesa ya mita ina mapigo milioni 16 kwa sekunde, na inatakiwa kuchukua kipimo cha umeme mara 4,000 kila sekunde ili ipate picha sahihi ya mkondo unaopanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, kama ilivyo katika gridi ya Uganda. Kati ya kipimo kimoja na kingine kuna mapigo 4,000 tu ya prosesa. Ikiwa programu itashughulika na kuchora namba kwenye kioo kwa muda mrefu kuliko huo bila kuchungulia, kipimo kitapita bila kusomwa. Kipimo kimoja kikipotea si kitu. Vikipotea vingi kila siku, mita huanza kudhulumu, ama mteja ama msambazaji.

Kwa njia ya katizo, sehemu ya kupimia humaliza kazi yake na kuinua ishara. Prosesa huacha mchoro wa kioo, husoma kipimo, kisha huendelea kuchora. Anayetazama kioo hawezi kuona kwamba mchoro ulikatizwa mara kadhaa kabla tarakimu moja haijakamilika.

Hatua kwa hatua

Wazo hili lilianza kuingia katika kompyuta katika miaka ya 1950. Mwaka 1959, Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa Uholanzi, aliandika tasnifu yake ya uzamivu juu ya kompyuta ya Electrologica X1, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilihusu namna ya kuandika programu itakayohudumia makatizo bila kuharibu kazi iliyokatizwa. Ugumu aliouona ndio uliopo hadi leo: katizo linaweza kuja wakati wowote, kati ya amri yoyote na inayofuata, na programu iliyokatizwa haipaswi kutambua kwamba iliwahi kusimama.

Katika familia ya prosesa za Cortex-M, ambazo ni miongoni mwa zinazotumika zaidi duniani katika vifaa vidogo, mambo huenda hivi. Ishara inapofika, prosesa humaliza au huacha amri iliyomo mkononi. Maunzi yenyewe, bila msaada wa programu, huhifadhi thamani nane muhimu katika sehemu ya kumbukumbu iitwayo rundo. Miongoni mwa hizo imo anwani ya mahali programu ilipofikia, kama mtu anayeweka kipande cha karatasi katikati ya kitabu kabla ya kwenda kufungua mlango.

Kisha prosesa hutazama jedwali maalumu. Kila chanzo cha katizo kina namba yake, na mbele ya kila namba imeandikwa anwani ya programu fupi inayopaswa kulishughulikia. Programu hiyo fupi inaweza kuitwa kihudumu cha katizo. Prosesa huruka hadi kwenye anwani hiyo na kuanza kutekeleza. Katika aina za Cortex-M3 na Cortex-M4, safari kutoka ishara hadi amri ya kwanza ya kihudumu huchukua mapigo 12 ikiwa kumbukumbu haicheleweshi. Kwa prosesa ya mapigo milioni 16 kwa sekunde, muda huo haufiki hata sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Kihudumu kikimaliza, zile thamani nane hurudishwa mahali pake, na kazi ya awali huendelea. Kuna sharti moja ambalo wanaoanza kujifunza hulisahau: kabla ya kuondoka, kihudumu hutakiwa kukiambia chanzo cha ishara kwamba kimesikia. Kisipofanya hivyo, ishara hubaki imeinuliwa, na prosesa ikitoka tu huitwa tena. Kifaa huonekana kimeganda, ingawa kwa kweli kinafanya kazi kwa nguvu zake zote, kikimkaribisha mgeni yuleyule bila kikomo.

Kiini cha mfumo endeshi huingia wapi?

Kifaa kidogo sana kinaweza kuishi kwa vihudumu vichache na programu moja inayozunguka. Kazi zinapoongezeka, wahandisi hutumia kiini cha mfumo endeshi, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayogawa muda wa prosesa kati ya kazi mbalimbali. Kwa vifaa vidogo, mfano unaojulikana sana ni FreeRTOS, ambao ulianzishwa na Richard Barry mwaka 2003 na ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma.

Kanuni ya kwanza ambayo kiini huifuata ni kwamba kihudumu kiwe kifupi. Kinapofanya kazi, makatizo mengine ya ngazi yake au ya chini yake hungoja nje. Kwa hiyo kihudumu hufanya lile la lazima tu, kama vile kusoma kipimo na kukiweka mahali, kisha huacha ujumbe kwa kazi ya kawaida ambayo itafanya mengine kwa utulivu. Mpokezi katika zahanati hafanyi upasuaji. Huandika jina la mgonjwa, humpa namba, na humpeleka kwa daktari.

Vitufe vya mita vinaonyesha faida ya mgawanyo huo. Kidole kinapobonyeza kitufe, vipande viwili vya chuma ndani yake havigusani mara moja na kutulia. Hurukaruka kwa milisekunde kadhaa, vikigusana na kuachana mara nyingi. Kwa jicho la binadamu ni mbonyezo mmoja. Kwa prosesa ni hodi nyingi mfululizo. Kama kila hodi ingehesabiwa, mteja aliyebonyeza 7 mara moja angeona 777, na tokeni ya tarakimu 20 isingeingia kamwe.

Ndiyo maana kihudumu cha vitufe hakiandiki tarakimu papo hapo. Huzima kwa muda katizo la kitufe, huanzisha kihesabu muda cha takriban milisekunde 20, na huondoka. Muda ukitimia, katizo jingine, la saa, hutazama kama kitufe bado kimebonyezwa. Kikiwa hivyo, tarakimu moja hupelekwa kwenye kazi inayokusanya tokeni. Kazi hiyo haina haraka. Ikikatizwa mara mia na vipimo vya umeme kabla haijamaliza, tokeni itasomeka vilevile.

Nani atangulie?

Hodi mbili zikipigwa kwa pamoja, lazima pawe na utaratibu. Kila katizo hupewa kipaumbele, na lenye kipaumbele cha juu huruhusiwa kulikatiza lenye cha chini. Katika Cortex-M, namba ndogo ndiyo yenye uzito mkubwa: kipaumbele 0 hutangulia kipaumbele 5. Mpangilio huo umewapotosha wengi waliodhani kwamba namba kubwa ina maana ya cheo kikubwa.

Katika mita, katizo la kuanguka kwa umeme hustahili ngazi ya juu. Kifaa maalumu huutazama umeme unaoingia, na ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, huinua ishara kabla prosesa yenyewe haijaishiwa nguvu. Kapasita iliyo ndani huwa imebaki na akiba inayotosha milisekunde chache au makumi kadhaa. Kwa aina nyingi za kumbukumbu isiyofutika, kuandika ukurasa mmoja kunaweza kuchukua hadi milisekunde 5.

Hapo ndipo ufupi wa vihudumu vingine unapogeuka kuwa suala la fedha. Tuseme akiba ya kapasita inatosha milisekunde 12, na kuandika hesabu pamoja na nakala yake kunahitaji milisekunde 10. Zinabaki mbili tu. Ikiwa mwandishi wa programu amezima makatizo yote kwa milisekunde 3 ili achore kioo bila usumbufu, na umeme ukakatika mwanzoni mwa muda huo, hodi ya dharura itapigwa kwenye mlango uliofungwa. Prosesa itazimika huku hesabu ikiwa imeandikwa nusu. Wahandisi waangalifu kwa hiyo huweka nakala mbili au zaidi pamoja na namba ya ukaguzi, ili mita ikiwaka tena iweze kutambua nakala iliyoharibika na kutumia ile iliyo salama.

Hesabu iliyosomwa nusu

Kosa linaloogopwa zaidi halihusu kuchelewa. Linahusu namba moja kuguswa na wawili kwa wakati mmoja. Chukua prosesa ya biti 8, ambayo husoma baiti moja kwa mara moja. Baiti moja inaweza kushika namba kuanzia 0 hadi 255. Uniti zikizidi hapo, hesabu huhitaji baiti mbili: baiti ya juu huhesabu mafungu ya 256, na ya chini huhesabu mabaki. Namba 256 huandikwa kwa 1 juu na 0 chini. Namba 255 huandikwa kwa 0 juu na 255 chini.

Sasa tuseme mita imebakiwa na uniti 256, na kazi inayoamua kama umeme ukatwe inataka kuisoma hesabu hiyo. Inasoma baiti ya chini kwanza, inapata 0. Kabla haijasoma ya juu, katizo la kupima umeme linaingia na kupunguza uniti moja. Hesabu sasa ni 255, yaani 0 juu na 255 chini. Kihudumu kinaondoka, na kazi ya awali inaendelea bila kujua lolote. Inasoma baiti ya juu, inapata 0. Inaziunganisha: 0 na 0. Kwa macho yake, uniti zimekwisha, na inaamuru umeme ukatwe.

Nyumba inaingia gizani ikiwa na uniti 255 zilizolipiwa. Kama kazi hiyo ingeanza na baiti ya juu, kosa lingegeuka upande wa pili: ingepata 1, kisha 255, na kioo kingeonyesha 511. Sekunde moja baadaye, hesabu ikisomwa tena, kila kitu kiko sawa. Fundi akija kesho yake hataona kasoro. Anaweza kuijaribu mita mara elfu moja na isimtendee hivyo hata mara moja, kwa sababu katizo hutakiwa kuangukia katika mwanya mwembamba wa mapigo machache ya prosesa, na hesabu iwe kwenye mpaka wa baiti.

Dawa yake ni rahisi kuandika, lakini ni rahisi pia kuisahau. Kabla ya kusoma namba inayoguswa na kihudumu, programu huzuia katizo hilo, husoma baiti zote, kisha hulifungulia. Kizuizi hicho kidumu kwa mapigo machache tu. Njia nyingine ni kusoma mara mbili na kulinganisha: majibu yakitofautiana, husomwa tena. Viini kama FreeRTOS hutoa zana za kufanya hivyo, na vilevile hutenga amri maalumu ambazo kihudumu kinaruhusiwa kuziita. Amri za kawaida zinaweza kumfanya mwitaji asubiri, na kihudumu hakina ruhusa ya kusubiri: kikilala mlangoni, nyumba nzima husimama.

Saa inayopiga hodi yenyewe

Si kila katizo hutoka nje. Moja hutoka ndani, kwa mpigo usiobadilika: la kihesabu muda. Mara nyingi hupangwa lije mara 1,000 kwa sekunde, na kila likija kiini huongeza 1 kwenye hesabu yake, kisha hutazama kama ni zamu ya kazi nyingine kupewa prosesa. Bila mpigo huo, kazi moja isiyotaka kuachia ingeweza kuzinyima nyingine nafasi.

Hesabu hiyo nayo ina ukomo. Ikiwa imetengewa biti 32 na huongezeka kila milisekunde, hujaa na kurudi 0 baada ya siku 49 na ziada ya saa 17 hivi. Programu iliyoandikwa kwa kudhani kwamba wakati unakwenda mbele tu itakwama siku hiyo. Kampala imewahi kuona sura nyingine ya tatizo la namna hii. Katika mfumo wa kimataifa unaotumiwa na tokeni za Yaka, kila tokeni hubeba alama ya wakati iliyohesabiwa kwa dakika tangu mwanzoni mwa mwaka 1993, katika nafasi ya biti 24. Nafasi hiyo hutosha dakika 16,777,216 tu, na zilitimia tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo wateja walitakiwa kubonyeza tokeni maalumu za kuziboresha mita zao, la sivyo tokeni mpya zisingekubaliwa. Chanzo hakikuwa katizo, bali uchache wa biti. Lakini fundisho ni lilelile: anayeandika programu ya kifaa cha miaka 20 huandika pia siku ambayo hesabu yake itajaa.

Hodi zikizidi

Mlango ukigongwa bila kukoma, mwenyeji hawezi kupika. Ishara mbovu, kwa mfano waya uliolegea, inaweza kuleta makatizo mengi kiasi kwamba prosesa haipati nafasi ya kufanya kazi nyingine yoyote. Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kilipokuwa kikishuka mwezini, kompyuta yake ilitoa tahadhari zenye namba 1202 na 1201. Ishara zisizo na maana kutoka kwenye mitambo ya rada zilikuwa zikiiba sehemu ya muda wake, na kazi zikaanza kurundikana. Kilichookoa safari ni muundo wa programu: kompyuta ilijiwasha upya mara kadhaa, ikaacha kazi zisizo za lazima, na ikaendelea na zile za kuongoza chombo.

Vifaa vya leo hujihami kwa njia mbalimbali. Kiini kinaweza kuhesabu hodi za chanzo kimoja na kukizima kwa muda kikizidi kiwango. Aidha, huwapo mlinzi wa pembeni: kihesabu kinachohesabu kushuka, ambacho programu yenye afya hutakiwa kukirudisha juu mara kwa mara. Programu ikikwama, kihesabu hufika 0 na kuiwasha prosesa upya. Ni kosa kumrudisha mlinzi huyo kutoka ndani ya kihudumu cha saa, kwa kuwa saa inaweza kuendelea kupiga hata kama kazi zote nyingine zimekufa, na mlinzi akadhani nyumba ni salama.

Kulala ili kuamshwa

Faida nyingine ya katizo inaonekana mahali pasipo na gridi. Chuo Kikuu cha Makerere, kwa ushirikiano na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway, kilishiriki katika mradi wa WIMEA-ICT uliobuni vituo vya hali ya hewa vinavyojiendesha vyenyewe. Vituo vya namna hiyo hutegemea jua na betri, na vinaweza kuwekwa mbali na barabara. Prosesa inayochungulia muda wote ingemaliza betri upesi.

Kifaa cha kupima mvua kinachotumika sana huwa na kikombe kidogo cha pande mbili. Upande mmoja ukijaa, kwa kawaida baada ya mvua ya milimita 0.2, hupinduka na kufunga swichi kwa muda mfupi. Mvua ya milimita 50 kwa saa hukipindua kikombe mara 250, yaani mara moja kila sekunde 14 hivi. Kati ya mpinduko mmoja na mwingine prosesa haina la kufanya, kwa hiyo hulala usingizi mzito na kutumia umeme kidogo mno. Swichi ikifunga, katizo huiamsha. Huongeza 1, na hulala tena. Katika siku kavu inaweza kulala karibu muda wote.

Kwa jiji ambalo mitaa yake ya bondeni, kama Bwaise, hujaa maji kila mvua kubwa inyeshapo, hesabu hiyo ina uzito. Mipinduko iliyopotea kwa sababu kihudumu kilikuwa kirefu mno ni mvua ambayo haitaonekana katika takwimu, wala katika hesabu za wanaopanga ukubwa wa mifereji.

Kupima lisiloonekana

Uganda ina wahandisi wanaoufahamu ulimwengu huu. Makerere ilitengeneza gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011, na satelaiti ya kwanza ya nchi, PearlAfricaSat-1, iliyoundwa na wahandisi vijana wa Uganda katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu nchini Japani, ilirushwa tarehe 7 Novemba 2022. Kifaa kikiwa angani hakuna fundi atakayepanda kukibonyeza kitufe. Makosa yote ya makatizo hutakiwa kutafutwa kikiwa bado mezani.

Utafutaji huo hauwezi kutegemea bahati. Kwa mita, njia mojawapo ni kuiunganisha na mashine inayokata umeme katika nyakati zisizotabirika, maelfu ya mara, usiku na mchana, na kila mara kulinganisha hesabu kabla na baada. Njia ya pili ni kuusoma msimbo mstari kwa mstari na kuuliza swali moja: katizo likiingia hapa, nini kitaharibika? Njia ya kwanza huonyesha kwamba kosa lipo. Ya pili ndiyo inayoweza kuonyesha kwamba halipo.

Kwa mteja, jambo la kuzingatia ni kwamba lalamiko la "uniti zimepotea" haliwi la uongo kwa sababu tu fundi amekuta mita ikifanya kazi vizuri. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Anayeshuku kasoro hufanya vyema kuhifadhi tokeni zake zote, kuandika kiasi kinachosomeka kwenye kioo pamoja na saa, na kukilinganisha kila umeme unaporudi. Akiwa na rekodi za namna hiyo anaweza kuomba mita ihakikiwe, na asiporidhika anaweza kulifikisha suala lake kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA. Kosa linalotokea mara moja katika miezi sita haliwezi kukamatwa na fundi aliyekaa nusu saa. Linaweza kukamatwa na daftari.